Walipoachiwa Kutoa kwa Hiari

Mwezi Aprili mwaka 1919, wafanyakazi wachache wa karakana ya reli mjini Moscow walibaki kazini usiku wa Jumamosi, wakatengeneza vichwa vya treni bila kudai ujira. Lenin alilisifu tendo lile kwa maandishi, na tarehe 1 Mei mwaka uliofuata alibeba magogo yeye mwenyewe ndani ya uwanja wa Kremlin. Kazi hiyo iliitwa subbotnik, yaani kazi ya Jumamosi. Ilianza kwa hiari ya watu. Baada ya muda ikageuka desturi ya taifa zima: kila ilipokaribia siku ya kuzaliwa kwa Lenin, mamilioni walitoka na mafagio, majembe na ndoo, na aliyekosekana alijua fika kwamba kukosekana kwake kumeonekana. Neno "kujitolea" lilibaki vilevile katika kamusi, ila maana yake ikawa ni kuitikia amri ya mkuu wa kazi.

Tunaanza na ufagio huo kwa kuwa juma hili tunazungumzia namna asasi za hisani, vyama vya hiari na taasisi za wakfu zilivyoota upya katika nchi zilizotoka kwenye utawala wa Kikomunisti. Ndugu msomaji ana haki ya kuuliza: Poland na Hungaria zatuhusu nini? Zatuhusu zaidi tangu mwaka 2025, pale fedha za misaada za Marekani zilipokatwa kwa ghafla, na asasi nyingi za Tanzania na Kenya zikajikuta zinapunguza wahudumu na kufunga milango. Watu wa Ulaya ya Mashariki waliipita njia hiyo kabla yetu. Walifurikiwa na wafadhili, kisha wafadhili wakaondoka, na kilichosalia baada ya hapo ndicho tunachotaka kukitazama.

Kwanza ieleweke kwamba Ukomunisti haukukuta jangwa. Nchini Poland zilikuwapo taasisi za wakfu za tangu karne za nyuma, zenye hospitali, shule na nyumba za mayatima. Mwaka 1950 serikali iliikamata Caritas, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, ikaiweka chini ya watu wake; mwaka 1952 ikatoa amri ya kufuta taasisi zote za wakfu, na mali zao zikaingia mikononi mwa dola. Huko Sarajevo, shirika la Waislamu la Merhamet, lililoanzishwa mwaka 1913 ili kuwasaidia mafukara, lilizimwa muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mali za wakfu za Bosnia zilichukuliwa kwa awamu: mashamba kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1945, majengo ya kupangisha na viwanja vya mjini kwa sheria ya utaifishaji ya mwaka 1958. Albania ilikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 1967 ilifunga misikiti na makanisa yote, na katiba yake ya mwaka 1976 ikapiga marufuku dini yenyewe.

Hoja ya watawala ilikuwa moja. Dola ndiyo mlezi wa raia. Penye mlezi kama huyo hapana fukara, na pasipo na fukara sadaka ni tusi kwa mlezi. Badala ya vyama vya hiari ziliundwa jumuiya za umma, za vijana, za wanawake, za wafanyakazi, na ada zake watu wakazilipa kama wanavyolipa kodi. Tusiwe wepesi wa kudharau kila kilichokuwamo humo. Ujerumani Mashariki ilikuwa na jumuiya iitwayo Volkssolidarität, iliyoanzishwa Dresden mwaka 1945, iliyowapelekea wazee chakula cha moto na kuwatembelea majumbani. Nchi ilipoungana, jumuiya hiyo haikufa. Ilijiunga na muungano wa mashirika ya hisani ya Ujerumani na inawahudumia wazee hadi leo. Bila shaka mzee aliyepelekewa supu hakuuliza kama ni ya Chama.

Hata hivyo, mbegu ya asasi halisi ilikuwa kwingine. Mwezi Juni mwaka 1976 wafanyakazi wa Radom na Ursus nchini Poland waligoma kwa sababu ya kupandishwa kwa bei za vyakula. Walipigwa, wakafukuzwa kazi, wengine wakafungwa. Mwezi Septemba kikundi kidogo cha waandishi, wanasheria na wasomi kiliunda Kamati ya Kuwatetea Wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi cha KOR. Haikuwa na usajili wala ofisi. Ilichokifanya ni kukusanya fedha za kuzilisha familia za waliofungwa, kuwatafutia mawakili na kuwatibu waliojeruhiwa. Na jambo linalotushangaza sisi tunaoshika daftari la kamati ya msikiti ni hili: chini ya dola yenye polisi wa siri, wanakamati walitia majina yao halisi, anwani zao na namba zao za simu katika tamko lao, wakalitoa hadharani. Walijua kwamba asiyejulikana haaminiki na fedha. Miaka minne baadaye ukazaliwa muungano wa wafanyakazi wa Solidarność, uliofikisha wanachama wapatao milioni 10 kabla ya kuwekwa utawala wa kijeshi tarehe 13 Desemba 1981.

Hungaria ilipita njia ya upole zaidi. Mwaka 1984 tajiri George Soros, mzaliwa wa Budapest, alikubaliana na Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo kufungua mfuko wa misaada, na miongoni mwa vitu alivyovigawa ni mashine za kunakili karatasi kwa maktaba na taasisi. Kwa kijana wa leo hilo ni jambo dogo. Kwa dola iliyokuwa ikilinda kila mashine ya kunakilia kama inavyolinda bunduki, halikuwa dogo. Mwaka 1987 sheria ya nchi ikarudisha taasisi za wakfu kama chombo halali, na mwaka 1989 ikatoka sheria ya uhuru wa kuunda vyama. Poland nayo ilirudisha taasisi za wakfu mwaka 1984, ikafuatisha sheria ya vyama mwezi Aprili mwaka 1989, kabla hata ya uchaguzi ulioung'oa utawala.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, mlango ukawa wazi, na usajili ukawa kama mvua ya masika. Kila mji ukapata asasi za mazingira, za walemavu, za haki za wanawake, za wapenda paka. Fedha zikaja kutoka Washington na Brussels. Watu wa Warsaw, kwa mzaha mchungu, waliwaita washauri wa kigeni "kikosi cha Marriott", kwa jina la hoteli waliyokuwa wakilala, kwa sababu walifika, wakauliza maswali, wakaandika ripoti, wakaondoka. Mtafiti wa Kimarekani Janine Wedel aliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1998.

Mtu hahitaji kufika Warsaw ili kulielewa jambo hili. Asasi changa hujifunza lugha ya anayelipa. Andiko la mradi huandikwa kwa maneno ambayo bibi anayesaidiwa hawezi kuyasoma. Mfadhili akitaka mazingira mwaka huu, asasi huwa ya mazingira; akitaka utawala bora mwakani, hubadili jina la kitengo. Viongozi hujuana zaidi na maofisa wa ubalozi kuliko na majirani wa mtaa walimopanga ofisi. Hatusemi kwamba walikuwa waongo. Wengi wao walikuwa watu safi, baadhi walitoka magerezani. Lakini asasi inayotoa hesabu kwa mtu mmoja aliye ng'ambo, na haitoi hesabu kwa yeyote wa hapa, imehamisha utii wake bila kujua.

Urusi ilipata ugonjwa mwingine, mbaya zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 serikali iliipa baadhi ya mifuko ya hisani msamaha wa ushuru wa forodha ili ijitegemee. Mfuko wa Taifa wa Michezo ukawa mwingizaji mkubwa wa pombe na sigara. Mfuko wa wapiganaji waliolemaa katika vita vya Afghanistan nao ulipewa msamaha kama huo, na walemavu wale wakazungukwa na watu ambao mguu wa bandia haukuwahusu kitu. Mwaka 1994 kiongozi wa mfuko huo aliuawa kwa bomu. Tarehe 10 Novemba 1996, watu walipokusanyika kwenye makaburi ya Kotlyakovskoye mjini Moscow kumkumbuka, bomu jingine lililipuka na kuua watu zaidi ya 10. Mwananchi wa kawaida aliyesoma habari hizo gazetini, akisikia neno "hisani", aliuliza kwanza ni biashara ya nani.

Kwa hiyo tusistaajabu kwamba watu hawakujiunga. Mwaka 2003 msomi Marc Morjé Howard alichapisha kitabu juu ya udhaifu huo, akionyesha kwamba raia wa nchi zilizotoka katika Ukomunisti walikuwa wanachama wa vyama vichache kuliko raia wa nchi za demokrasia ya zamani, na hata kuliko wa nchi zilizotoka katika udikteta wa namna nyingine. Sababu alizozitaja ni nzito. Walioburutwa katika jumuiya za lazima hawakutaka kusikia tena habari za uanachama. Tena walikuwa wamejenga urafiki wa karibu sana, wa jikoni na wa shambani, ulioziba pengo la vyama. Mtu akiumwa, rafiki alimtafutia dawa kwa mlango wa nyuma. Na waliotumaini makubwa mwaka 1989 walivunjika moyo. Sisi twaiona sababu ya pili kuwa ndiyo yenye kina. Udugu wa jikoni ni jambo tukufu, lakini hauna daftari, na asiye na rafiki hafikiwi nao.

Halafu wafadhili wakaondoka. Shirika la misaada la Marekani lilifunga ofisi yake ya Prague mwaka 1997, ya Budapest mwaka 1999 na ya Warsaw mwaka 2000, kwa maelezo kwamba nchi hizo zimekwisha kuhitimu. Mwaka 2004 zikaingia katika Umoja wa Ulaya. Asasi zilizokuwa zikiishi kwa ruzuku ya mtu mmoja zilitawanyika. Zilizosimama ni zile zilizokuwa zimekwisha kupata riziki ndani ya nchi, na hapa ndipo penye mambo ya kujifunza.

Tarehe 3 Januari 1993, mtangazaji wa redio na televisheni nchini Poland, Jerzy Owsiak, aliwaomba vijana watoke mitaani na makopo kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Mkusanyo huo ukaitwa Okestra Kuu ya Misaada ya Sikukuu, na tangu hapo hufanyika kila Januari. Kijana hubeba kopo lililofungwa kwa lakiri na kitambulisho kifuani. Anayetia chochote, kiwe kidogo namna gani, hubandikwa moyo mwekundu wa karatasi kwenye koti. Jumla hutangazwa mubashara kwenye televisheni. Fedha hununua mashine, na mashine hupelekwa hospitali zikiwa na alama ya moyo uleule, hata mzazi aliyetia sarafu barabarani akaja kuiona alama hiyo kwenye kitanda cha mwanawe mchanga. Kuanzia mwaka 2002 watoto wachanga wa nchi nzima hupimwa usikivu kwa vifaa vya mfuko huo. Wapo wanaomlaumu Owsiak kwa siasa zake na muziki wake wa kelele, na hatuna haja ya kuingia humo. Mwaka 2019 meya wa Gdańsk, Paweł Adamowicz, alichomwa kisu jukwaani usiku wa mkusanyo na kufariki siku ya pili. Januari iliyofuata makopo yalitoka tena.

Njia ya pili ilibuniwa Hungaria. Sheria ya mwaka 1996 ilimpa kila mlipa kodi ya mapato haki ya kuamua asilimia 1 ya kodi yake iende wapi. Haongezi hata senti. Anaandika tu namba ya asasi anayoichagua kwenye fomu ya kodi, na hazina huihamishia asasi hiyo fedha. Baadaye ikaongezwa asilimia nyingine kwa ajili ya jumuiya za dini. Slovakia, Lithuania, Poland na Romania zikaiga kila moja kwa namna yake, na Poland sasa imefikia asilimia 1.5.

Wapo wanaosema hiyo si sadaka, kwa kuwa fedha ni ya serikali tangu mwanzo. Twakubaliana nao. Anayeelekeza kodi hajatoa kitu mfukoni, na hakuna faqihi atakayemhesabia. Pia imeonekana kwamba watu huchagua kinachogusa moyo upesi, mtoto mgonjwa au mbwa aliyetupwa, na asasi inayotetea wafungwa hubaki na chache. Nchini Poland familia nyingi zilikuwa zikijikusanyia fedha za matibabu ya mtoto wao mmoja kupitia jina la asasi kubwa. Lakini sheria hiyo ilileta jambo ambalo semina za wafadhili hazikulileta: asasi ililazimika kutangaza taarifa yake ya mwaka na kumfuata raia, kumweleza ilichofanya, na kumwomba. Katika nchi ambamo kwa miaka 40 hakuna mkubwa aliyemwomba raia chochote, hilo lilikuwa zoezi kubwa.

Wacheki nao walifanya jambo ambalo msomaji wetu atalitambua mara moja. Walipokuwa wakibinafsisha viwanda vya umma kwa kuwagawia raia vocha, walitenga asilimia 1 ya hisa za awamu ya pili kwa ajili ya taasisi za wakfu. Sheria ya mwaka 1997 ikaagiza kwamba anayejiita taasisi ya wakfu awe na mtaji uliosajiliwa usiopungua koruna 500,000, usioguswa, matunda yake tu ndiyo yatumike. Maelfu ya mifuko iliyokuwa ikitumia jina hilo ilishindwa, ikafungwa au ikabadili jina. Zilizobaki ziligawiwa fedha za hisa zile ziwe mtaji wa kudumu. Shina hubaki, matunda hugawiwa: wanasheria wa Prague walilifikia jambo hili kwa njia yao wenyewe, na mababu zetu wa Lamu na Unguja walioweka minazi na nyumba kwa ajili ya misikiti wangelielewa bila mkalimani.

Pamoja na hayo, dola haikusahau tabia yake. Urusi ilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuzitaka asasi zinazopokea fedha za nje na kujihusisha na siasa zijiite "wakala wa kigeni", na mwaka huohuo ikalifukuza shirika la misaada la Marekani. Wakati huohuo ikaongeza ruzuku kwa asasi za huduma za jamii. Ukiwapikia wazee, karibu. Ukiuliza wazee hao walipelekwa wapi zama za Stalin, mlango ni ule. Asasi ya Memorial, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 ikikusanya majina ya waliouawa na kufungwa, iliamriwa na Mahakama Kuu ivunjwe tarehe 28 Desemba 2021. Mwaka uliofuata ilishiriki Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hungaria, iliyobuni asilimia 1, nayo mwaka 2017 ilitunga sheria ya kuzipa alama asasi zinazopokea kutoka nje zaidi ya forinti milioni 7.2 kwa mwaka. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliikataa mwezi Juni mwaka 2020. Ni rahisi kumnyooshea kidole mtu anayelishwa na mgeni. Ni vigumu zaidi kumnyooshea kidole anayelishwa na makopo ya watoto wa mtaani kwako.

Turudi kwa Merhamet. Ilifufuliwa mwaka 1991, na haikupata hata mwaka wa kutulia. Mwezi Aprili mwaka 1992 Sarajevo ilizingirwa, na asasi iliyokuwa haijamaliza kutafuta meza na viti ikawa inaendesha majiko ya umma katika mji usio na umeme wala maji. Waliopanga foleni ya supu hawakuwa Waislamu peke yao. Iliwezekana kwa sababu jina lile, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kuzimwa, lilikuwa bado linakumbukwa na wazee wa mitaa.

Kule Albania, tarehe 16 Novemba 1990, maelfu walikusanyika katika msikiti wa Plumbi mjini Shkodër kwa sala ya kwanza ya Ijumaa ya hadhara baada ya miaka 23. Aliyeongoza ni Hafidh Sabri Koçi, aliyekuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 20. Jumuiya ya Waislamu iliyoundwa upya chini yake ilianza bila mali yoyote: hati ziko serikalini, majengo mengine ni maghala, mengine yamebomolewa. Misaada ya nje ilifika upesi, yenye kheri na yenye masharti, na ikawapata watu ambao hawakuwa wamewahi kuendesha kikao cha kamati wala kuandika stakabadhi.

Na Bosnia mambo hayajaisha. Madrasa ya Gazi Husrev-beg, iliyojengwa kwa wakfu mwaka 1537, ingali inafundisha. Idara ya wakfu imerudi kazini tangu baada ya vita, na sehemu ya kazi yake ni kukusanya hati za zamani, kutafuta mipaka ya viwanja, na kuandika kila duka na kila shamba lililochukuliwa, jina la aliyeweka wakfu na sharti aliloliweka. Hadi sasa hakuna sheria ya nchi nzima ya kurudisha mali zilizotaifishwa. Makarani wanaendelea kuandika orodha.